Orodha Tatu za Ziwa Moja

Nakwa, Babati
11 Januari 2025

Kwa mwanangu wa ubatizo, Edda Tadeo,
Mbeya.

YAH: UTEKELEZAJI WA MAAGIZO ULIYOTUACHIA

Marahaba. Uliondoka alfajiri baada ya Krismasi na shikamoo yako ya mwisho ikabaki mlangoni bila kuitikiwa. Naiitikia sasa.

Nakutumia barua hii kwa njia ya kompyuta kwa kuwa posta ingechelewa. Hata hivyo, naomba uisome kama barua, si kama yale maneno mnayorushiana kwenye simu, yasiyo na tarehe wala sahihi.

Kwanza, kompyuta ya pili imefika. Kikundi kimeiweka Bonga, katika steshenari ya Modesti, ili ile ya mjini ikikosa umeme, ya Bonga ishike kazi ya kuwatumia ujumbe watu wa mashamba ya chini ziwa linapopanda. Modesti ni kijana mwenye mikono mizuri na mdomo usiopumzika. Nilipomuuliza kama ameisakinisha programu yako ipasavyo, alinijibu, "Mzee wangu, hiyo imekaa poa." Nikamwambia sikuuliza imekaaje, nimeuliza kama inafanya kazi. Tukaijaribu mbele yangu. Ujumbe ulifika katika simu yangu, na katika simu ya mama yako pia.

Pili, zile orodha. Ulinieleza kwamba programu yako, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, haisimami peke yake. Inaegemea vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, na kila kifurushi kina toleo lake. Ulinionyesha kwamba majina na matoleo hayo yameandikwa mahali patatu, yaani katika faili la setup.py, la mahitaji.txt na la pyproject.toml, na kwamba mafaili hayo hayapatani. Ukaagiza tushike pyproject.toml peke yake na tuachane na mengine mawili. Agizo hilo nimelitekeleza siku ile ile, kwa utaratibu kamili wa masjala. Nilifanya kazi masjala hadi nilipostaafu, na halikupotea jalada hata moja mikononi mwangu. Usiwe na wasiwasi.

Tatu, mama yako anakusalimu. Bado yuko kwenye nyumba ya shamba la chini, karibu na matete. Anasema ukimpigia simu unaongea kama mtu anayekimbilia basi. Nimemjibu kwamba una kazi nyingi.

Wako katika Kristo,
Paskasi Tarmo
Katibu, Kikundi cha Watazama Ziwa


Mbeya
15 Januari 2025

Mpendwa Baba Paskasi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kama barua, nimeketi mezani, na hii ina tarehe.

Nimefurahi kusikia kwamba zile orodha mbili hazipo tena. Hujui umenitua mzigo gani. Mwaka mzima nilikuwa nikirekebisha toleo katika faili moja na kusahau mengine mawili, kisha nashangaa programu inafanya kazi kwenye kompyuta moja na kugoma kwenye nyingine.

Kuna sababu nyingine. Kampuni inayotufikishia ujumbe inahamia mlango mpya. Mwisho wa Februari mlango wa zamani utafungwa. Kifurushi cha toleo jipya kinaujua mlango mpya; cha toleo la zamani hakiujui. Toleo jipya limetajwa katika pyproject.toml tu. Ndiyo maana nilikusumbua na jambo hilo siku ya sikukuu, wakati wenzangu wanakula pilau.

Wewe utanielewa kuliko wengi. Unakumbuka yule mtu wa bodaboda aliyepita Nakwa akipiga kelele kwamba ziwa limemwagika? Watu walikimbia na watoto na magodoro, na waliporudi wakakuta ziwa limetulia mahali pake na mabanda ya kuku hayana kuku. Tangu hapo tulikubaliana kwenye mkutano kwamba mwenye kusema ziwa limepanda ni ujumbe peke yake. Si jirani, si bodaboda, si mwenyekiti, wala si mimi niliyeutengeneza. Watu wakajifunza kuuliza mahali pamoja. Sasa na programu yenyewe inauliza mahali pamoja.

Mwambie Mama nitapiga Jumapili, na safari hii sitakimbilia basi.

Mwanao,
Edda


Nakwa, Babati
19 Machi 2025

Kwa Edda Tadeo,
Mbeya.

YAH: UJUMBE UNAOTUMWA BILA KUFIKA

Marahaba ya mbele, kwa kuwa najua utaamkia.

Mvua imetushika. Barabara ya kushuka ziwani imekuwa mfereji, na viboko wamekwisha kuhamia kwenye maharage ya watu. Wanakula kama waliopanda wenyewe. Juzi radi ilipiga karibu na ofisi yetu ya mjini, na kompyuta imeungua. Nilisikitika, lakini sikuogopa, kwa sababu ya Bonga ipo. Modesti aliiwasha, nayo ikashika kazi.

Jana asubuhi nilikwenda mwenyewe kusoma kipimo pale ziwani. Maji yalikuwa yamefika kwenye alama ya njano, ambayo maana yake ni watu wajiandae. Niliipeleka namba Bonga, Modesti akaiingiza, na kwenye skrini kila jina likaandikwa "Imetumwa" kwa rangi ya kijani. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Ujumbe haujafika katika simu yangu. Kwanza niliilaumu simu, kwa kuwa ni mzee mwenzangu. Nikamuuliza jirani yetu Ursula, naye hajaupata. Nikamlaumu Modesti. Aliniambia, "Mzee, labda mtandao. Zima, washa." Nimezima, nimewasha. Kompyuta bado inasema imetuma.

Leo nilishuka kwa mama yako. Alikuwa anapepeta mtama barazani, na maji yako pale kwenye matete, yanang'aa.

"Mama Edda," nikamwambia, "maji yamefika kwenye njano. Anza kufunga vitu."

"Shikamoo, Mzee Paskasi. Kaa unywe uji."

"Sikuja kunywa uji. Nimekuja kukuambia uhame."

"Ujumbe haujaja," akasema. "Edda hajasema."

Ndivyo wanavyouita ujumbe huku chini: wanauita Edda. Nilipita nyumba kwa nyumba na kila mahali jibu lilikuwa hilo. Mmoja alinicheka na kuniuliza kama siku hizi nimenunua bodaboda.

Naomba maelekezo. Tafadhali yaandike, maagizo ya mdomo siyafanyii kazi.

Paskasi Tarmo
Katibu


Mbeya
19 Machi 2025

Baba Paskasi, shikamoo.

Nimempigia Mama mara tu nilipomaliza kukusoma. Nilimwambia, "Mama, hama." Akaniuliza kama huku Mbeya kunanyesha. Nikamwambia tena. Akasema, "Mwanangu, uliposimama pale kwenye mkutano ulisemaje? Ulisema hata wewe ukituambia kwa mdomo tusikusikilize. Nimekaa hapa nakutii."

Nililia, Baba, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Nimewafundisha vizuri kupita kiasi.

Kama maji yako kwenye njano na mvua haijakatika, kesho au keshokutwa yatafika kwenye nyekundu. Ujumbe ule ni lazima ufike. Sijui kwa nini haufiki. Nilidhani kampuni ina hitilafu. Nimewauliza, wanasema hawajapokea chochote kutoka Babati tangu kompyuta ya mjini ilipoungua. Kwa hiyo mashine ya Bonga inasema imetuma, na wanaopaswa kupokea hawajaona kitu.

Nataka Modesti mwenyewe aniandikie. Anieleze alisakinisha kwa amri gani, na aninakilie majina yote ya mafaili yaliyomo ndani ya folda ya programu. Yote, hata anayodhani hayana maana.

Edda


Bonga
20 Machi 2025

Dada Edda,

Mambo vipi? Ningekupigia tu tukamaliza, ila Mzee kasimama nyuma yangu na mwavuli wake unanidondoshea maji shingoni. Anataka kila kitu kiandikwe. Haya, naandika. Amenirudisha nyuma mara mbili niweke tarehe.

Kwanza mimi sijachezea kitu. Mzee ananitazama kama nimemuibia ng'ombe. Nilipopata mashine mpya, nilinakili folda nzima kutoka kompyuta ya mjini kwa flashi, nikasakinisha kwa mahitaji.txt, kama ulivyotuonyesha mwaka juzi. Ile amri naijua kwa kichwa, naweza kuiandika nikiwa nimelala. Tukajaribu, ikafanya kazi, Mzee mwenyewe shahidi.

Mafaili yaliyopo ni haya: README, pyproject.toml, mahitaji.txt, setup.py, folda inayoitwa kina yenye programu yenyewe, na folda ya majaribio. Hakuna kingine, labda lile lililofichwa la kumbukumbu.

Umeona, hakuna kilichopotea. Mzee anasema niongeze kwamba hata siku moja hajapoteza jalada. Nimeongeza.

Maji yamepita njano. Watu wa huku juu wanauliza mbona kule chini hawahami. Tufanyeje?

Modesti


Mbeya
20 Machi 2025

Baba Paskasi,

Shikamoo. Nimeona. Kosa si la Modesti, si la mtandao, wala si la simu yako.

Nilipokuomba tuachane na orodha mbili, nilidhani umezifuta. Modesti ananiambia bado zipo. Nilichimba katika kumbukumbu za programu, ambazo nakala yake naipata hata huku, nikaona ulichofanya siku ile. Juu kabisa ya kila faili la zamani uliongeza mstari mmoja: "# JALADA HILI LIMEFUNGWA. TAZAMA pyproject.toml. P.T."

Nilipousoma nilikuona umevaa miwani yako, na wino mwekundu mkononi. Najua ndivyo masjala ifanyavyo. Jalada likijaa halichanwi; hufungwa, huandikwa juu yake, likawekwa rafuni, na karani ajaye akilishika anasoma na kwenda kwenye jipya.

Lakini kompyuta si karani, Baba. Haisomi jalada kwa nje. Modesti aliitajia mahitaji.txt, nayo ikalichukua mahitaji.txt na kusakinisha kila kilichoandikwa humo, pamoja na kifurushi cha zamani cha kutuma ujumbe. Mwezi Januari mlango wa zamani wa kampuni ulikuwa bado wazi, ndiyo maana jaribio lenu lilifaulu. Sasa mlango umefungwa. Kifurushi kile kinabisha pasipo na mtu, hakisikii jibu, kinachukua ukimya kuwa ni "ndiyo", kisha kinaandika "Imetumwa".

Na mstari wako unaanza na alama ya reli. Mimi ndiye niliyekufundisha kuiweka unapotaka kuandika maelezo. Alama hiyo huiambia kompyuta: hapa usisome. Kwa hiyo onyo lako lingeweza kusomwa na kila mtu, isipokuwa yule aliyelihitaji. Sikulaumu. Nilikuambia "tuachane nazo", sikukuambia "futa", na nilikuwa nikikimbilia basi.

Sasa naandika wazi. Futeni mahitaji.txt na setup.py. Modesti aondoe vifurushi vyote vilivyosakinishwa, aanze upya kutoka pyproject.toml, amri nimemtumia. Kisha aingize kipimo cha leo. Msiliamini neno la kijani kwenye skrini. Iamini simu iliyo mfukoni mwako.

Najua mkono wako hautataka kufuta. Nisikilize. Programu hii ina masjala yake yenyewe. Kila badiliko linahifadhiwa humo pamoja na tarehe, jina la aliyelifanya na sababu yake. Ukifuta faili leo, mwakani mtu anaweza kuliita likarudi herufi kwa herufi, pamoja na mstari wako. Rafu ipo, Baba. Iko mahali ambapo kompyuta haipiti inapokwenda kazini.

Fanya haraka. Mama anasubiri kusikia kwangu.

Edda


Bonga
20 Machi 2025

Kwa Edda Tadeo.

YAH: KUFUTWA KWA MAFAILI MAWILI

Barua yako nimeipokea. Katika utumishi wangu wote sikuchana jalada, na ninapinga jambo hili kwa maandishi, kama mtumishi anavyoruhusiwa. Baada ya kupinga, ninatii.

Paskasi Tarmo


Nakwa, Babati
24 Machi 2025

Kwa mwanangu Edda,
Mbeya.

YAH: YALIYOTOKEA, NA JAMBO MOJA LILILOBAKI

Marahaba, mwanangu. Soma bila hofu. Watu wote wako salama.

Nilimwomba Modesti anipishe kwenye kiti nikafuta mafaili yale kwa mkono wangu, kwa kuwa ni mimi niliyeyafunga nusu. Kompyuta iliuliza sababu, nikaandika: "Yamefutwa kwa amri ya E.T. Orodha sahihi ni pyproject.toml peke yake. P.T." Kisha nikamtaka Modesti anionyeshe hiyo rafu uliyoisema. Alifungua kumbukumbu, na nikaliona faili la mahitaji.txt lote, na mstari wangu juu yake, na tarehe. Nikamwambia alifunge. Nilipumua. Siku nyingine nitakuuliza ni nani aliyebuni masjala hiyo, kwa sababu ni mtu aliyefunzwa vizuri.

Modesti alisakinisha upya. Mvua ilikuwa inapiga bati hatuwezi kusikilizana. Akaingiza kipimo, na kwa kuwa maji yalikuwa yamefika nyekundu mchana ule, ujumbe ulikuwa wa kuhama. Skrini ikaandika "Imetumwa". Sikuitazama. Nilisimama nimeishika simu kama mtu aliyeshika yai.

Ikalia. Nilisoma, "ZIWA LIMEFIKA NYEKUNDU. HAMENI SASA." Nikaketi juu ya katoni za karatasi bila kukaribishwa.

"Mzee, unalia?" Modesti akaniuliza.

"Steshenari yako ina vumbi," nikamjibu.

"Na mvua hii?"

"Kijana, nipeleke ziwani."

Alinipakia kwenye bajaji ya ndugu yake, tukashuka. Nilikuwa nimejiandaa kubisha hodi kila nyumba na kuonyesha simu yangu. Sikuhitaji. Tulikutana nao njiani wakipanda: mikokoteni, mbuzi, magunia, kitanda kimebebwa na watu wanne na mgonjwa akiwa juu yake anawaelekeza pa kukanyaga. Wengine walikuwa wakisomeana ujumbe kwa sauti, kama vile wenzao hawakuupata. Yule aliyenicheka kuhusu bodaboda alinisalimu kwa mikono miwili.

Mama yako alikuwa wa kwanza kutoka na wa mwisho kufika juu, kwa sababu alirudi kung'oa mlango. Nilimwambia aache mlango. Akasema mbao ni mninga na mlango huo aliuweka marehemu baba yako, na kwamba Edda amesema hameni, hakusema hameni bila mlango. Modesti akaubeba kichwani hadi kwa Ursula, njia nzima akilalamika, na njia nzima mama yako akimwambia awe mwangalifu asiukwaruze.

Ziwa liliingia usiku ule. Mashamba ya chini yote yamekuwa maji. Katika nyumba ya mama yako yamefika juu ya mafiga, na kiboko mmoja ameonekana amesimama uani kama mwenye nyumba. Maharage hayapo. Mtama uko juu, umekauka, na kuku wa kila mtu wamehesabiwa na wenyewe. Mtu hata mmoja hakuguswa na maji. Jana Padre alitaka kutushukuru kanisani. Nikamwomba asimtaje mtu, maana tulichofanya ni kufuta.

Kuanzia sasa nimeweka utaratibu. Toleo la kifurushi chochote likibadilika, litaandikwa mahali pamoja, na mashine zote mbili zitasakinishwa kutoka hapo siku hiyo hiyo, na mtu mwenye simu mfukoni atashuhudia. Ile ya mjini ikipona itaanza hivyo. Modesti amekwisha kuisahau amri ya zamani. Nimemsahaulisha mimi mwenyewe, kwa kumwandikisha mpya ukurasa mzima.

Jambo lililobaki ni hili. Baadhi ya walioupata ujumbe wa kuhama waliujibu, kwa sababu huku chini wanaamini ni wewe. Majibu yalikuja katika kompyuta ya Bonga. Mengi ni "Asante" na "Tumesikia". La mama yako nalinakili kama lilivyo:

"Nimesikia mwanangu. Nimehama. Mbuzi wako kwa Ursula na mlango wa baba yako pia. Na wewe umekula?"

Nimelipitia faili lile moja lililobaki, mstari kwa mstari, kisha programu yenyewe, kisha nikamuuliza Modesti. Hakuna mahali palipoandikwa jinsi ya kujibu swali hilo.

Mpigie simu.

Baba yako wa ubatizo,
Paskasi